Viraka vya Kompyuta za Ofisi: Nani Aanze, Nani Asubiri

Alhamisi moja ya Agosti 2021, saa mbili asubuhi, malori matatu yalikuwa yamejipanga uani kwenye ghala moja la Dar es Salaam ambalo wakati huo nilikuwa nikilitunzia kompyuta. Mzigo umeshapakiwa, turubai zimeshafungwa, matingo wameshapanda juu. Kilichokosekana ni karatasi. Kila boharia alipobonyeza kuchapa hati za mzigo, kompyuta ilimletea kidirisha kinachodai nywila ya admini. Nywila hiyo tulikuwa nayo watu wawili: mmoja yuko msibani Korogwe, wa pili ni mimi, nimekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Malori yalikuwa na madereva, printa hazikuwa na draiva.

Kosa lilikuwa langu. Jumanne usiku Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye huduma ya kuchapa, lile lililoitwa PrintNightmare, na kiraka hicho kilibadilisha utaratibu: kuanzia hapo, mtumiaji asiye na haki za admini hawezi tena kuchukua draiva ya printa kutoka kwenye seva. Utaratibu mzuri kabisa. Jumatano nilikuwa nimekijaribu kwenye kompyuta yangu, kikakaa vizuri, nikachapa ukurasa wa majaribio, ukatoka safi, nikaruhusu kompyuta zote. Lakini printa yangu ilikuwa imechomekwa kwa waya wa USB pale pale mezani. Haikuwahi kupita kwenye seva hata siku moja. Nilichokijaribu hakikuwa kazi ya boharia.

Kwa hiyo kijana aliyekabidhiwa kompyuta za ofisi akiniuliza aanzie wapi na haya mambo ya apdeti, humwambia kwamba kuweka kiraka si kazi yake. Kompyuta inajua kukiweka yenyewe. Kazi yake ni kupanga nani aanze na nani asubiri, halafu kuhakikisha kwa macho yake kwamba waliosubiri nao wamepata.

Kwa nini usizime kabisa

Wapo ambao wakisikia kisa kama hicho huona heri apdeti zizimwe tu. Nimekuta ofisi kadhaa ambako fundi aliyenitangulia alizizima makusudi, na bosi akamshukuru kwa sababu "kompyuta zimeacha usumbufu". Usimfuate. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye SMB, njia ambayo Windows hutumia kushirikishana mafaili ndani ya ofisi. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile, kikafunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kompyuta nyingi zilizodhurika zilikuwa za Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa tayari, tena bure, kwa siku zote hizo 59.

Upande wa pili, apdeti yenyewe yaweza kuwa ndiyo ajali. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la programu yake ya ulinzi. Saa mbili na dakika 27 ikawa imeshaliondoa. Katika muda huo usiotimia hata saa moja na nusu, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliangukia skrini ya buluu, na nyingi zikataka mtu aende asimame mbele ya kila moja, aiwashe kwa njia ya dharura, afute faili lile kwa mkono. Kilichowauma mafundi zaidi ni kwamba baadhi yao walikuwa wamejiwekea sharti la kubaki toleo moja nyuma, ili wengine watangulie. Sharti halikuwafaa kitu. Liligusa programu yenyewe, halikugusa mafaili madogo ya taarifa ambayo programu hujiletea kila siku. Basi anayekuuzia antivairasi muulize kabla hujamlipa: ni kitu gani kitaingia kwenye mashine zangu bila kupitia kwangu, na je, naweza kukichelewesha?

Daftari kwanza

Huwezi kutia kiraka nguo usiyojua kama unayo. Chukua daftari, zunguka kwa miguu. Usitegemee orodha ya manunuzi iliyoko uhasibuni, maana humo hamtakuwa na kompyuta ya mlinzi getini inayoendesha kamera, wala ile ya mahudhurio ya alama za vidole ambayo bado ina Windows 7, wala laptopu ya mkurugenzi ambayo mwanawe huifanyia kazi za shule. Andika ilipo, anayeitumia, toleo la mfumo, na safu moja ambayo wengi huisahau: mashine hii ikisimama, nani mwingine anasimama? Kompyuta ya boharia ikisimama, malori matatu yanasimama. Kompyuta yangu ikisimama, nasimama mimi peke yangu, tena pengine ofisi inapumua.

Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo, haikukosa taarifa mwaka 2017. Kiraka cha Apache Struts, programu ya kuundia tovuti, kilitoka tarehe 7 Machi, na ndani ya kampuni ikapita barua pepe ya kuagiza kiwekwe ndani ya saa 48. Lakini mfumo mmoja uliokuwa ukitumia Struts haukupatikana katika ukaguzi, na aliyeujua hakufikiwa au hakufuatilia. Wezi wakaingia kwa mlango huo, wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Daftari lingewafaa kuliko barua pepe.

Andika na programu, si Windows peke yake. Vivinjari kama Chrome na Firefox hujitengeneza vyenyewe mradi mtu avifunge na kuvifungua, jambo ambalo mwenye tabo 60 halifanyi. WinRAR ni kisa kingine. Karibu kila ofisi niliyoingia inayo, iliwekwa na fundi aliyeuza kompyuta, na haijiletei apdeti yenyewe. Agosti 2023 ilitolewa toleo la 6.23 kuziba tundu ambalo wahalifu walikuwa wakilitumia tayari. Nenda kaangalie mashine zako zina toleo lipi. Kama hakuna anayeihitaji, iondoe. Programu iliyoondolewa haidai kiraka tena.

Utakuta pia mashine zisizo na kiraka cha kungoja. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi tunazonunua mitumba haziwezi kuingia Windows 11 kwa kukosa vigezo vyake. Hapo una njia tatu: lipia nyongeza ya muda, hamia Linux kama kazi yenyewe ni kivinjari na barua, au itenge kwenye kona yake ya mtandao isiguse seva wala intaneti. Windows ya kuchakachua siiwekei mpango wowote hapa. Aliyeichakachua ndiye mwenye funguo zako, nawe humjui.

Watangulizi

Tuseme una kompyuta 60. Chagua nne au tano ziwe za mwanzo, na usizichague kwa sababu ziko karibu na meza yako. Moja itoke kwa maboharia, moja kwa wahasibu, moja mauzo, moja mapokezi, na kama mna tawi, moja ya tawini. Mtu mwenyewe ana uzito kuliko mashine: mtafute msemaji, anayepiga simu printa ikikohoa tu. Mtu mpole anayevumilia hitilafu kimya kimya kwa wiki nzima atakuponza. Ghalani kwetu mtangulizi bora alikuwa dada wa mapokezi, ambaye wengine walimwona mlalamishi. Mimi nilimwona kipimajoto.

Waombe wafanye kazi yao halisi asubuhi ile, na uwaandikie ni kazi ipi: chapa hati kupitia printa ya korido, fungua mfumo wa mishahara, toa risiti moja ya kodi, fungua lile faili kubwa la Excel lenye makro, ingia kwenye tovuti ya benki na kifaa cha kuidhinishia malipo kikiwa kimechomekwa. Kuwasha kompyuta na kuona inawaka si majaribio.

Kundi la pili liwe robo ya ofisi. La tatu ni wote waliobaki. Seva ziwe na safari yao peke yake, moja baada ya nyingine, na ile inayotunza akaunti za watumiaji isishikwe siku moja na mwenzake.

Kugawa makundi hakuhitaji mfumo wa gharama. Kama una Windows Server, WSUS, huduma ya kugawa apdeti, imo ndani yake. Microsoft walitangaza mwaka 2024 kwamba hawaiendelezi tena, lakini bado inafanya kazi. Kama kampuni inalipia Microsoft 365 ya daraja lenye Intune, huduma ya kusimamia kompyuta kwa mbali, tumia hiyo. Na kama huna chochote, Windows Pro yenyewe inakuruhusu kuahirisha viraka vya kila mwezi hadi siku 30 kwa kila mashine. Watangulizi wape siku 0, kundi la pili siku 5, waliobaki siku 8. Ukishaweka hivyo mara moja, mpango unajiendesha, na wewe unabaki na jukumu la kusimamisha watangulizi wakilalamika. Weka simu wazi siku hizo.

Kalenda yetu na ya Microsoft

Viraka vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwao. Kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu, kutegemea majira yao. Maana yake watu wa Nairobi na Dar hukutana navyo Jumatano asubuhi, na Jumanne hiyo daima huangukia kati ya tarehe 8 na 14.

Sasa iweke juu ya kalenda ya mhasibu. Kodi ya mishahara hupelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha Tanzania, na kufikia tarehe 9 Kenya. Ritani za VAT ni tarehe 20 pande zote mbili. Ukifuata siku 8 nilizotaja, kuna miezi ambayo uhasibu wote utapata kiraka tarehe 20 kamili, siku ambayo hata ukipita koridoni kwao wanakutazama vibaya. Na ukisogeza mbele sana, unagonga mishahara. Dirisha safi la mhasibu halipo, nimeshakubali. Ninachofanya: mhasibu mmoja anakuwa mtangulizi kama wengine, na wenzake wote wanapata Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 20, nami nikiwepo ofisini. Ijumaa alasiri simgusi mtu.

Kalenda hii inavunjwa kwa sababu moja tu, nayo ni tundu ambalo tayari linatumiwa na wahalifu. CISA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, huweka wazi orodha ya matundu ya aina hiyo, na kuisoma ni bure. Ukiona kitu kilichomo kwenye daftari lako kimeingia kwenye orodha hiyo, watangulizi wapate asubuhi na wengine jioni ile ile. Anza na vile vinavyotazamana na intaneti uso kwa uso: faiawoli, kifaa cha VPN, seva ya barua. Kompyuta ya mahudhurio yaweza kungoja hadi kesho. Na mjulishe bosi kwa sentensi mbili kabla hujaanza, si baada ya kuulizwa.

Bando, umeme na kifuniko cha laptopu

Miongozo mingi ya mambo haya imeandikwa na watu ambao intaneti yao haina mwisho na umeme wao haukatiki. Sisi tuna hesabu nyingine. Kompyuta 60 zikijipakulia kila moja kiraka chake asubuhi moja, ofisi nzima itakuja mlangoni kwako kuuliza mtandao una nini. Ndani ya mipangilio ya apdeti ya Windows kuna sehemu inayoruhusu kompyuta kuchukua vipande vya kiraka kutoka kwa jirani yake. Iwashe, na uiwekee mpaka wa mtandao wa ofisi tu, isigawie watu wa nje. Wachache katika kila kundi wanakuwa wameshaleta mzigo ndani. Wengine wanapakua kutoka kwao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya ukanda wetu kuzorota, utaratibu huo ndio ungefaa kuwa nao.

Laptopu za watu wa mauzo zina janja yake. Wengi wameunga hotspoti ya simu na kuitia alama ya muunganisho wa kupimiwa, kuokoa bando. Windows ikiona alama hiyo huacha kupakua apdeti nyingi. Mtu anaweza kuzunguka Mbeya na Songea miezi mitatu bila kiraka, na taa zote zikawa kijani. Wape siku moja ya mwezi ya kuja ofisini, laptopu ikiwa imechomekwa umeme na kifuniko wazi. Kompyuta za mezani zisizo na UPS usiziwekee kiraka saa ambazo mtaa wenu una mgao.

Na waeleze wote jambo moja kwa lugha ya nyumbani: apdeti haiji kwa WhatsApp, haiji kwa barua pepe, wala haijitokezi katikati ya tovuti ikikuambia Chrome yako imezeeka. Atakayeona hivyo akuite.

"Kaka, naizima kila siku"

Ripoti itakuambia kiraka kimewekwa. Usiamini mpaka mashine iwe imerestati, kwa sababu viraka vingi hukaa mlangoni vikisubiri hilo. Nilikwenda kwa dada mmoja wa mauzo ambaye kompyuta yake ilikuwa kwenye orodha yangu nyekundu ya mashine zinazosubiri kurestati. "Kaka, hii naizima kila siku jioni, Mungu shahidi." Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua ukurasa wa CPU. Chini kushoto, kwenye muda wa kuwa macho: 47:03:12:09. Siku 47.

Wala hakuwa anasema uongo. Windows za sasa ukizizima kwa njia ya kawaida hazizimiki kabisa. Huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho ziwake upesi, na saa ile inaendelea kuhesabu. Kurestati ndiko kunakoanza upya. Kwa hiyo usiwaambie watu "zima", waambie "restati", na weka sharti la mfumo kwamba baada ya siku mbili za kukumbushwa, mashine itarestati yenyewe usiku. Watanuna mwezi wa kwanza. Hiyo namba ya siku ndiyo ninayoitazama kila Jumatatu kabla ya ripoti yoyote nyingine.

Njia ya kurudi

Kabla ya kuruhusu kundi la pili, jiulize: likiharibika, narudije, na itanichukua muda gani kwa mashine moja? Kiraka kimoja hung'olewa kwenye mipangilio ya apdeti kwa dakika chache, kama kompyuta inawaka. Kama haiwaki, unahitaji flashi ya kuwashia iliyoandaliwa tayari, nakala rudufu ya kazi za mtu, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48. Viraka vya tarehe 9 Julai 2024 vilizifanya baadhi ya kompyuta ziamke zikidai ufunguo huo, na siku kumi baadaye ikaja ile skrini ya buluu. Waliokuwa wametunza funguo kwenye seva, na seva nayo imeanguka, walielewa maana ya kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Nakala moja ya kila kitu muhimu iwe nje ya mtandao. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilisambazwa kupitia njia halali ya apdeti ya programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kikafika hadi kampuni ya meli ya Maersk na kufuta seva zake zinazotunza akaunti. Seva hizo zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zilikufa pamoja. Ikasalimika moja, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa hewani. Mtandao wa huko haukutosha kuituma data kwa wakati, kwa hiyo diski ilipelekwa kwa mkono hadi Nigeria, ikakabidhiwa mwingine, akapanda nayo ndege kwenda Uingereza. Wewe usisubiri mgao ukufanyie bakapu: diski ya nje, ichomekwe, inakili, ichomolewe, ifungiwe.

Funguo za BitLocker mimi huzichapa, nikazitia kwenye bahasha na kuiweka kwenye kasiki ya keshia, jina la kila mashine likiwa pembeni. Nywila ya admini nayo imo humo tangu Alhamisi ile ya malori, ambayo yaliondoka karibu saa sita mchana baada ya mimi kupita mashine moja baada ya nyingine. Bahasha yenyewe ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho nilipoifungua nilikuta funguo za kompyuta tatu tulizokwisha kuuza, na ya laptopu mpya ya mkurugenzi haimo.